Nyenzo huria za elimu

Nyenzo huria za elimu, ambazo huitwa pia rasilimali huria za elimu na hujulikana kimataifa kwa kifupi cha OER, ni zana za kufundishia na kujifunzia ambazo mwenye hakimiliki ametoa ruhusa zitumike, zinakiliwe, zirekebishwe na kusambazwa na mtu yeyote bila malipo na bila kumwomba idhini upya. Zana hizo ni kama vile vitabu vya kiada, vitini, picha, ramani, video, mazoezi, hadithi za watoto na majaribio ya sayansi yanayoigizwa kwa kompyuta. Nyingi hupatikana kwenye intaneti, lakini hata kitabu cha karatasi kinaweza kuwa nyenzo huria kikiwa na leseni ya namna hiyo.

Makala hii inaeleza asili ya nyenzo hizo, namna ya kuzitafuta na kuzipima, na jinsi zinavyoweza kutumika katika shule za Afrika Mashariki, hasa za sekondari, ambako mara nyingi kitabu kimoja huzungukwa na wanafunzi kadhaa na mwalimu ndiye mwenye simu pekee iliyounganishwa na mtandao.

Bure na huria

Si kila kinachofunguka bure kwenye simu ni huria. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) humwezesha mwanafunzi kusoma vitabu vya kiada bila kulipa. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ina hazina ya mtandaoni iitwayo Kenya Education Cloud. Vyote hivi vina manufaa makubwa. Mwalimu asiyesoma taarifa za NECTA anajinyima chombo kilicho bora kuliko vingi vya ng'ambo, kwa kuwa zinaonyesha kwa mifano ya majibu halisi mahali watahiniwa walipokosea.

Lakini kuwekwa hadharani si sawa na kuachiwa watu wote. Kazi isiyotaja leseni yoyote huhesabiwa kuwa na hakimiliki kamili, hata kama haina alama yoyote ya kuonya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu matumizi fulani kwa ajili ya kufundishia, mradi chanzo kitajwe na matumizi yawe ya haki. Ruhusa hiyo ina mipaka, na haimpi mwalimu uhuru wa kutafsiri kitabu kizima na kukitoa upya kwa jina la shule. Video za YouTube, vitini vinavyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za vitabu zilizopigwa picha huwa katika hali hiyohiyo. Kwa kusoma na kujiandalia somo havina shida. Shida huanza pale mwalimu anapotaka kukata, kuongeza, kutafsiri, kuchapisha na kugawa.

David Wiley, mwalimu wa chuo kikuu wa Marekani, alizifupisha haki zinazoifanya nyenzo iwe huria kuwa tano: kubaki na nakala, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuisambaza. Haki ya kwanza aliiongeza baadaye, mwaka 2014, na watu wengi huipita haraka bila kuona uzito wake. Tovuti hufungwa. Connexions ya Chuo Kikuu cha Rice, Texas, mojawapo ya hazina za kwanza kabisa za masomo huria, ilianza mwaka 1999 na ikasitishwa mwaka 2022. Waliokuwa wamepakua nakala walibaki nazo kihalali; waliokuwa wamehifadhi viungo tu walilazimika kuanza kutafuta upya.

Historia

Mnamo Aprili 2001 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) ilitangaza kwamba itaweka maelezo ya kozi zake karibu zote kwenye intaneti bila malipo. Kozi 50 za kwanza zilionekana mwaka 2002. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, UNESCO iliitisha mkutano mjini Paris kuzungumzia mpango kama huo ungezifaa vipi nchi zinazoendelea, na hapo ndipo jina la nyenzo huria za elimu lilipokubaliwa. Desemba 2002 shirika la Creative Commons lilitoa leseni zake za kwanza, na walimu wakapata njia rahisi ya kutoa ruhusa bila kuajiri mwanasheria.

Afrika haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 2002 wanafunzi wa fizikia wa ngazi ya juu huko Cape Town, wakiongozwa na Mark Horner, walianza kuandika vitabu vya sayansi vya sekondari ambavyo yeyote angeweza kuvinakili. Kazi hiyo baadaye ikawa Siyavula, jina ambalo kwa Kixhosa na Kizulu lina maana ya "tunafungua". Mwaka 2012 Wizara ya Elimu ya Msingi ya Afrika Kusini ilichapisha vitabu vyao vya hisabati na sayansi na kuvisambaza katika shule za serikali. Jambo hili linafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba nyenzo huria ni lazima zisomwe kwenye kioo cha simu: leseni iliiruhusu serikali kuchapa nakala nyingi kadiri ilivyotaka, na mwanafunzi alipokea kitabu cha kawaida cha karatasi.

Mradi wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, ukiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ulitengeneza moduli za kuwasaidia walimu wa shule za msingi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. African Storybook, yenye makao yake Afrika Kusini, ilianza mwaka 2014 na ina hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika. Azimio la Cape Town juu ya elimu huria lilitolewa Januari 2008, Azimio la Paris likafuata Juni 2012, na tarehe 25 Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo rasmi kuhusu nyenzo huria za elimu.

Miezi michache baadaye ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga shule karibu dunia nzima. Tanzania ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote kufikia mwisho wa Juni. Kenya haikurudisha madarasa yote hadi Januari 2021. Wengi walianza kutafuta nyenzo za mtandaoni kwa mara ya kwanza wakati huo, kwa haraka na bila mwongozo, na mazoea mengine ya kipindi kile bado yapo.

Leseni

Nyenzo nyingi huria hutumia leseni za Creative Commons, zinazotambulika kwa herufi CC zilizozungushiwa duara na kufuatwa na vifupisho. BY humtaka mtumiaji ataje mtunzi. SA humtaka aliyerekebisha kazi aitoe tena chini ya masharti yaleyale. NC huzuia matumizi ya kibiashara. ND huzuia kusambaza kazi iliyobadilishwa. Alama ya CC0 maana yake mtunzi ameachia haki zake zote kadiri sheria inavyoruhusu.

Kwa mwalimu, herufi za kutazama kwanza ni ND. Kazi yenye herufi hizo inaweza kunakiliwa ilivyo, lakini tafsiri yake ya Kiswahili ni mabadiliko na haiwezi kusambazwa bila ruhusa. Wataalamu wengi hawaihesabu kuwa huria kabisa.

NC ndiyo huleta mabishano shuleni. Mwalimu anapopeleka kitini chenye alama ya NC kwenye duka la steshenari na kulipia kila ukurasa, je, mwenye duka hafanyi biashara kwa kazi iliyokatazwa biashara? Swali hili lilifika mahakamani Marekani. Great Minds, wachapishaji wa mtaala wa hisabati uliotolewa kwa leseni yenye NC, walilishtaki duka la kunakili la FedEx kwa kuwatoza fedha watumishi wa shule waliokuja kutoa nakala. Mahakama ya rufani iliamua mwaka 2018 kwamba duka lilikuwa likiitumikia shule, na shule haikuwa ikifanya biashara, hivyo leseni haikuvunjwa. Kesi kama hiyo dhidi ya Office Depot iliisha vivyo hivyo mwaka 2019. Hukumu hizo hazizifungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini hoja yake inaeleweka kirahisi: anayelipwa ni mashine na karatasi. Ni jambo jingine kabisa mwalimu akichukua kitini hichohicho na kukiuza kwa wanafunzi wa masomo ya ziada ili apate faida.

Kuchanganya nyenzo nako kuna mitego. Maandishi ya Wikipedia yana leseni ya BY-SA, na masomo ya Khan Academy yana BY-NC-SA. Kila moja hudai kwamba kazi itakayotokana nayo itolewe kwa masharti yake yenyewe, kwa hiyo haziwezi kuunganishwa kuwa kazi moja na kusambazwa. Zinaweza kutumika katika somo moja kama vipande viwili vilivyo kando kwa kando, kila kimoja na jina la chanzo chake.

Kumtaja mtunzi hakuhitaji utaalamu. Chini ya ukurasa huandikwa jina la kazi, mtunzi, mahali ilikopatikana na leseni yake. Kama kuna kilichobadilishwa, husemwa. Mwalimu anayenakili mchoro kwa mkono kwenye karatasi ya manila naye huandika hivyo pembeni, na wanafunzi wake hujifunza uaminifu wa kitaaluma bila kuhubiriwa.

Mahali zinapopatikana

Kwa vitabu vya sekondari ya juu na vyuo, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice imetoa vitabu kamili vya fizikia, kemia, biolojia, hisabati na uchumi tangu mwaka 2012. Siyavula inafaa zaidi kwa kidato cha tatu na kuendelea. Kwa majaribio ya kuigizwa, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, haina mpinzani wa karibu. Picha, ramani na michoro hupatikana Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004. OER Commons ni orodha pana ya nyenzo zilizopangwa kwa somo na ngazi, na OER Africa hukusanya zaidi za vyuo vya bara hili.

Nchini Tanzania, Shule Direct na Ubongo zimetengeneza masomo yanayofuata mazingira ya hapa, la kwanza kwa sekondari na la pili kwa watoto wadogo kupitia katuni. Anayetaka kurekebisha na kusambaza kazi zao asome kwanza masharti yao ya matumizi.

Namna ya kutafuta

Kosa la kawaida ni kutafuta jina la somo zima. Anayeandika "biolojia" kwenye kisanduku cha kutafutia hupata mamilioni ya kurasa na huacha baada ya dakika kumi, bando likiwa limepungua. Inafaa kuanza na muhtasari wa somo: mada ndogo, kitendo ambacho mwanafunzi anatakiwa aweze kukifanya, na aina ya zana inayotakiwa. "Mchoro wa moyo wa binadamu usio na majina ya sehemu" ni ombi ambalo mtambo wa kutafuta unaweza kulijibu, na mchoro usio na majina ndio utakaotumika kwa zoezi.

Alama chache hupunguza kazi. Maneno yaliyowekwa ndani ya alama za kunukuu hutafutwa kwa mpangilio huohuo. Kuongeza filetype:pdf huleta mafaili ya PDF tu, ambayo ni rahisi kuhifadhi na kuchapisha. Kuongeza site: na anwani ya tovuti huzuia utafutaji usitoke nje ya tovuti hiyo. Mitambo mikubwa ina pia kichujio cha haki za matumizi katika utafutaji wa picha, kinachoonyesha picha zenye leseni za Creative Commons pekee. Kichujio hicho hukosea mara kwa mara, hivyo leseni isomwe kwenye ukurasa wenyewe ilikotoka picha.

Anayetafuta kwa Kiswahili ajaribu istilahi zaidi ya moja. Mwandishi mmoja husema halijoto, mwingine jotoridi. Mmoja kani, mwingine nguvu. Mmoja haidrojeni, mwingine hidrojeni. Mmoja jiometri, mwingine jometri. Mtambo hauna habari kwamba ni kitu kimoja.

Kupima ubora

Leseni haisemi lolote juu ya usahihi. Kitini kilichojaa makosa kinaweza kuwa huria kabisa. Njia ya kawaida ni kutazama mwandishi ni nani, taasisi gani iko nyuma yake na lini nyenzo ilirekebishwa mara ya mwisho. Tarehe iliyoandikwa chini ya ukurasa, hata hivyo, hubadilishwa na mitambo kila mwaka. Ushahidi ulio bora umo ndani ya maandishi yenyewe.

Kwa fizikia ya kidato cha kwanza, angalia kilogramu inavyofafanuliwa. Kitini kinachosema kuwa kilogramu ni uzito wa silinda ya platini na iridi iliyohifadhiwa Sèvres karibu na Paris kina makosa mawili: kinachanganya tungamo na uzito, na hakijaguswa tangu tarehe 20 Mei 2019, ambapo kilogramu ilianza kufafanuliwa kwa kipeo kisichobadilika cha Planck. Kitini kinachohesabu sayari tisa hakijarekebishwa tangu Agosti 2006, Pluto ilipoondolewa katika orodha na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Jedwali la elementi ambalo nafasi za 113, 115, 117 na 118 hazina majina ya kudumu lilichorwa kabla ya mwishoni mwa 2016.

Jiografia na uraia huchakaa upesi zaidi. Ramani ya Afrika isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya Julai 2011, na inayoandika Swaziland badala ya Eswatini ni ya kabla ya 2018. Ramani ya Tanzania isiyo na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni ya kabla ya 2012. Ikiwa inayo hiyo minne lakini haina Songwe, ni ya kabla ya 2016. Kitini kinachofundisha mikoa minane ya Kenya kama ngazi kuu ya utawala, bila kutaja kaunti 47, kinafaa kwa somo la historia tu. Kila mwalimu anaweza kujitengenezea vipimo vya namna hii kwa somo lake, na vitano au sita vinatosha.

Mazoezi yafanywe na mwalimu mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi, hadi jibu la mwisho. Majibu yaliyochapwa nyuma ya vitini vya mtandaoni hukosewa zaidi kuliko maelezo, pengine kwa sababu watu wengi huyanakili na wachache huyakokotoa. Tahadhari hiyo inahusu zaidi maswali na maelezo yanayotungwa na programu za akili bandia, yaliyoenea tangu mwishoni mwa 2022. Yameandikwa kwa lugha laini hata yanapokosea, na ulaini huo humfanya msomaji asishuke hadi kwenye hesabu.

Mwisho kuna ulinganifu na mtaala. Mitaala iliyoboreshwa ya Tanzania ilianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na Kenya imekuwa ikihamia mtaala wa umilisi. Nyenzo nzuri iliyo nje ya muhtasari bado inaweza kumfaa mwalimu kwa kupanua maarifa yake; kuipa nafasi ya vipindi vinne darasani ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Kurekebisha

Nyenzo ya kigeni ni mara chache kukaa sawasawa darasani bila kushonwa upya. Vitabu vya Siyavula huandika desimali kwa mkato, kama ilivyo kawaida Afrika Kusini. Mwanafunzi wa Iringa au Kakamega akiona 1,5 anaweza kudhani ni namba mbili, na akiona 2,500 hajui kama ni elfu mbili na mia tano au mbili nukta tano. Hapo haitoshi kusahihisha sehemu moja. Ni lazima faili lote lipitiwe.

Hesabu za fedha hudai kazi zaidi. Kufuta randi na kuandika shilingi hutoa mkate wa shilingi 15, na darasa zima hucheka. Bei zikibadilishwa, majibu nayo hubadilika, na mara nyingine namba zilizokuwa zikigawanyika vizuri huacha baki. Ni afadhali kutunga swali jipya lenye umbo lilelile.

Vitabu vya Marekani huongea kuhusu majira manne, inchi, maili na nyuzi za Farenhaiti, na Juni yao ni kiangazi chenye siku ndefu. Kwa mwanafunzi aliyezoea masika, kipupwe, vuli na kiangazi cha hapa, mfano kuhusu miti inayopukutisha majani Oktoba hauelezi kitu mpaka uelezwe wenyewe. Wakati mwingine inafaa kuuacha na kuufanya kuwa swali: kwa nini urefu wa mchana hubadilika sana huko na kidogo tu Nairobi? Sehemu za namna hii, ambazo ugeni wa nyenzo wenyewe unakuwa somo, si nyingi, lakini zipo.

Mfano wa matumizi darasani

Tuchukue mada ya umeme mkondo katika shule yenye kompyuta moja na projekta ya kuazima. PhET ina uigaji wa kuunda saketi za betri: mtumiaji huvuta nyaya, betri, taa, swichi na vikinza, huviunganisha, kisha hupima kwa amita na voltimita. Uigaji huo unaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti.

Mwalimu anaunda saketi ya betri ya volti 9 na kikinza kimoja cha omu 10. Kabla ya kufunga swichi anawauliza wanafunzi amita itasoma nini, nao wanaandika daftarini. Inasoma ampea 0.9. Anaongeza kikinza cha pili cha omu 10 kwa mfululizo, wanaandika tena, amita inasoma 0.45. Kisha anakihamisha kikinza hicho hicho na kukiunga sambamba na cha kwanza. Wengi watatabiri kwamba mkondo unaotoka kwenye betri utabaki mdogo, kwa hoja kwamba vikinza ni vilevile viwili. Amita inasoma 1.8. Kimya kinachofuata kina thamani kuliko uigaji wote, mradi mwalimu asikimbilie kukijaza kwa maelezo. Wanaotakiwa kueleza ni wao, na waliyoyaandika daftarini kabla ya jibu ndiyo yanayowazuia kudai kwamba walijua tangu mwanzo.

Kuna jambo moja la kuangalia mapema. Uigaji huu huonyesha elektroni zikisafiri, ilhali vitabu vyetu huchora mkondo kutoka ncha chanya kwenda hasi. Kuna kitufe cha kubadili maonyesho yawe ya mkondo wa kawaida. Asiyekijua ataulizwa swali atakalolijibu kwa kujikwaa.

Uigaji hauchukui nafasi ya maabara. Kwenye kioo waya haulegei, betri haiishi kabla ya wakati na sindano ya amita haitikisiki. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika waya ulio na kutu hatafaulu mtihani wa vitendo kwa kuwa ameona picha safi. Ukiwezekana, uigaji utangulie na jaribio halisi lifuate siku hiyohiyo, hata kama ni kwa betri za tochi.

Bila intaneti

Shule nyingi hazihitaji kuunganishwa kila saa ili kufaidi. Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, huweka kamusi elezo nzima katika faili moja linalosomwa bila mtandao. Wikipedia yote ya Kiswahili hutosha kwenye memori kadi ya simu. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, huifanya kompyuta moja kuwa maktaba ambayo simu na tableti zilizo karibu huisoma kwa Wi-Fi ya ndani isiyotumia bando. Inaweza kusakinishwa hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, na sura yake ya matumizi inapatikana kwa Kiswahili.

Palipo na simu moja tu, kazi hufanyika nyumbani au mjini: kupakua, kuchagua, kuchapa ukurasa mmoja muhimu na kuchora mengine. Mchoro mkubwa kwenye manila huonwa na wanafunzi 60 bila umeme, na hutumika tena mwaka unaofuata ukikunjwa vizuri. Walimu wa shule za jirani wakigawana mada na kubadilishana flashi, kila mmoja hupakua sehemu tu ya kinachohitajika. Mafaili yapewe majina yanayoeleweka, yenye somo, kidato na mada, na ukurasa wa leseni uhifadhiwe pamoja nayo, kwa kuwa baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka lilikotoka.

Nyenzo kwa Kiswahili

Kwa elimu ya msingi Kiswahili kina nyenzo huria za kutosha kuanzia: moduli za TESSA, hadithi za African Storybook, na makala za Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Kwa sekondari ni chache mno. Sekondari za Tanzania na Kenya hufundisha sayansi na hisabati kwa Kiingereza, kwa hiyo wachapishaji hawana sababu ya kuandika kwa Kiswahili. Hata hivyo walimu wengi hulazimika kueleza kwa Kiswahili pale darasa linapokwama, na kila mmoja hufasiri papo hapo kwa maneno yake.

Leseni huria zinaruhusu pengo hili lizibwe na watu wa kawaida. PhET ina chombo cha kutafsiria ambamo mtu wa kujitolea hujaza maneno ya vitufe na maelekezo, na uigaji kadhaa tayari unasomeka kwa Kiswahili. Hadithi ya African Storybook inaweza kutafsiriwa ndani ya tovuti yenyewe. Anayeingia katika kazi hii ahakikishe istilahi zake katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1990, na vitabu vya kiada vinavyotumika sasa, kisha ashike neno moja kwa dhana moja toka mwanzo hadi mwisho. Uigaji ambao kitufe kimoja kinasema "kani" na kingine "nguvu" humfanya mtoto atafute tofauti isiyokuwepo.